Banda la gari linavuja: namna ya kusoma dalili na kuziba kwa hela ndogo

Malalamiko kuhusu mabanda ya gari yanafanana sana. Nyumba imeisha, mabati machache yamebaki, mwenye nyumba anaongeza banda ubavuni, paa la upande mmoja lililolala, yaani lenye mteremko mdogo, ili lisigongane na dirisha la juu. Masika ya kwanza yanapita salama. Ya pili, maji yanadondoka kwenye boneti. Anaitwa fundi, anapanda na kopo la lami, anapaka kila anapopatilia shaka, analipwa, anaondoka. Mvua inayofuata banda linavuja palepale.

Lami si dawa mbaya. Tatizo ni kupakwa mahali pasipo na ugonjwa. Kwenye paa lililolala, ni nadra tone kudondoka chini ya pale maji yalipoingilia. Maji yakishapenya hutambaa chini ya bati au juu ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), yakateremka mita moja au mbili, hadi yakutane na msumari, fundo la mbao au ukingo wa papi, ndipo yanaachia. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta njia ya maji. Hatua hiyo haina gharama, na ndiyo inayookoa hela nyingi kuliko zote.

Kabla ya kupanda

Usipande paa likiwa na maji, hata kama mvua imekatika. Vaa viatu vya soli ya mpira. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake kuna papi; katikati ya papi mbili bati jembamba la geji 30 au 32 linabonyea, na kibonyeo hicho kesho kitakuwa kidimbwi. Ukiweza, laza ubao unaokalia papi mbili au tatu na utembee juu yake. Ngazi ifungwe juu, na mtu aishike chini.

Kama banda lina taa au soketi, zima meni swichi kwanza. Angalia pia waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani. Ukipita karibu na unapofanyia kazi, usipande. Wapigie shirika la umeme.

Kisha pima mteremko. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, ulaze juu ya bati kuelekea maji yanakoteremkia, weka pima maji juu yake, inua ncha ya chini hadi kiputo kikae katikati. Pima nafasi kati ya ncha hiyo na bati. Sentimita 17 hadi 18 ni sawa na nyuzi 10, na hapo bati la kawaida la mawimbi hufanya kazi bila shida likifungwa vizuri. Sentimita 10 ni karibu nyuzi 6: bado inawezekana, ila kila kiungo kinataka uangalifu. Chini ya sentimita 5, yaani nyuzi 3, bati la mawimbi halifai hata lifungwe na nani. Andika namba uliyopata, utaihitaji huko mbele.

Mwisho ni jaribio la maji, siku ya jua, watu wawili. Mmoja anamwagia kwa mpira wa bustani, mwingine yuko ndani na tochi na chaki. Anza upande wa chini kabisa wa paa, mwagia sehemu moja kama dakika 10, ndipo usogeze maji juu kidogo. Ukianzia juu, maji yataloanisha paa zima na hutajua nini kimevuja. Usielekeze mpira kutoka chini kwenda juu, utayasukuma maji ndani ya viungo ambavyo mvua haivifikii. Aliye ndani anachora alama pale anapoona unyevu wa kwanza kwenye bati, na asisubiri tone lianguke.

Dalili: matone yanafuata mstari mnyoofu, kutoka ukuta hadi ukuta

Huo ni mstari wa papi, na mtuhumiwa wa kwanza ni misumari.

Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana, jambo la kawaida kwa bati linalopigwa na jua la Dar es Salaam, hurefuka karibu milimita moja na nusu. Usiku linarudi. Kila siku ya Mungu linauvuta msumari na kuurudisha, mpaka tundu linapanuka na msumari unaanza kupanda. Panda ushike vichwa vya misumari kwa vidole, kimoja baada ya kingine. Kinachozunguka au kuinuka umekipata. Angalia na mpira chini ya kofia ya msumari: ukikatika kama biskuti unapoukwangua kwa kucha, umeisha.

Watu wengi huipigilia upya kwa nyundo. Inashika wiki chache, kisha inapanda tena, maana mbao imeshalegea kwenye tundu lile lile. Ng'oa msumari, weka skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kuliko msumari uliotoka na ndefu kidogo ili ikamate mbao mpya. Kaza mpaka mpira utokeze kidogo kuzunguka washa, ukomee hapo. Mpira ukibinuka na kutanuka nje umekaza mno, na jua litaupasua. Kama hela haitoshi paa zima, anza na safu mbili za upande wa chini, ambako maji ya paa lote hupita, na safu ya ukingo unaopigwa na upepo. Zilizobaki zisubiri mwezi mwingine.

Chanzo cha pili ni msumari uliopigwa bondeni badala ya mgongoni. Kwenye bati la mawimbi maji hupita bondeni, kwa hiyo tundu la pale linaogelea kila mvua ikinyesha. Hamishia skrubu kwenye mgongo wa jirani. Tundu lililobaki liwekee riveti fupi yenye gundi chini ya kichwa.

Chanzo cha tatu huonekana zaidi kwenye mabati yaliyotumika: matundu ya misumari ya paa la zamani ambayo hayakuangukia kwenye papi mpya. Funga milango mchana, zima taa, simama gizani utazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Lakini usidhani pasipo na mwanga ni pazima. Mabati yanapopandana hupitisha maji bila kupitisha mwanga.

Ukikuta skrubu haikazi, inazunguka tu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Choma papi kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila nguvu, pigilia kipande kipya cha mbao iliyotiwa dawa ubavuni mwa ile mbovu, kivuke sehemu iliyooza angalau nusu mita kila upande, kisha funga bati kwenye mbao mpya. Ikiwa kilichooza ni kenchi yenyewe (fremu ya mbao inayobeba papi) na si papi, acha. Soma sehemu ya mwisho.

Neno moja kuhusu silikoni, kwa sababu hapa ndipo hela ndogo hupotea zaidi. Ile ya bei rahisi inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki ya bati. Utaziba leo, na baada ya muda utakuta kutu imezunguka kiraka chako. Dukani sema wazi unataka ya mabati, isiyonuka siki, au gundi ya poliurethani inayovutika. Bei inazidi kidogo, lakini kopo moja linatosha kama matundu umeyajua.

Dalili: maji yanateremka ukutani, pale banda linapoungana na nyumba

Kwa mabanda yaliyoongezwa ubavuni mwa nyumba, hapa ndipo penye kesi nyingi na ngumu, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu.

Chanzo kikubwa ni saruji. Fundi amelaza bati hadi ukutani, akajaza pembe kwa udongo wa saruji, akapiga lipu juu, pakapendeza. Lakini bati linatembea kila siku kama tulivyoona, na ukuta hautembei. Ndani ya miezi michache kati yao unafunguka ufa mwembamba, mara nyingi wa kupitisha kadi ya simu tu, na paa lililolala huleta maji taratibu kiasi cha kuyapa muda wa kuingia. Juu ya hapo, saruji mbichi hula mipako ya bati. Gusa chini ya udongo ule wa saruji utakuta kutu.

Usiongeze saruji juu ya saruji. Toa yote kwa tindo, polepole bila kulitoboa bati, sugua kutu kwa brashi ya waya.

Dawa kamili ni bati la kukunja, ambalo fundi bati yeyote wa mtaani anaweza kulikunja kutoka kwenye bati bapa. Ubavu mmoja unapanda ukutani angalau sentimita 15. Mwingine unalalia paa sentimita 15 hadi 20, na kama ukuta uko kando ya mteremko, uvuke migongo miwili. Ukutani chimba mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 2 hadi 2.5, ncha iliyopindwa ya bati iingie humo, kisha uzibe kwa gundi inayovutika. Usizibe kwa saruji, maana utakuwa umerudi ulikoanzia. Ubavu wa chini ufungwe kwa skrubu kwenye migongo. Pale linapolalia mkondo wa mawimbi upande wa juu wa paa, ziba nafasi za mawimbi kwa sponji maalumu au vipande vya bati vilivyokatwa kufuata mawimbi, la sivyo upepo utapuliza mvua chini yake.

Dawa ya kusogezea mambo, kama hela haijapatikana, ni utepe wa lami wenye uso wa alumini. Unafanya kazi kwa sharti moja: pakavu, pasafi, pasipo vumbi wala rangi inayobanduka. Kwenye lipu inayotoa unga hautashika mpaka upake kwanza praima ya lami, yaani tabaka la kwanza la kushikisha.

Ukishafanya yote na bado ukuta unaloa, inua macho. Maji yanaweza kuingia kwenye ufa wa lipu juu ya banda, au kwenye kizingiti cha dirisha la ghorofani, yakateremka ndani ya ukuta na kutokea chini ya bati lako la kukunja. Mwagia ukuta peke yake bila kugusa paa. Ukiloa ndani, paa halina kosa.

Dalili: linavuja mvua ya upepo tu, au mvua kubwa tu

Mvua ya kawaida hakuna kitu, ikija ya upepo ndani ni mto. Chunguza mabati yanapopandana.

Maji yakikuta nafasi nyembamba kati ya mabati mawili hupanda yenyewe, hata kinyume cha mteremko, na upepo ukisukuma yanapanda zaidi. Vumbi na majani yaliyonasa humo huyashika kwa saa nyingi. Ndiyo maana kwenye mteremko mdogo bati la juu linatakiwa kulilalia la chini sentimita 20 na zaidi, wakati kwenye paa kali 15 zinatosha. Kwa ubavuni, wimbi moja halitoshi, weka mawili. Banda lililojengwa kwa vipande vilivyobaki mara nyingi lina sentimita 10 juu na wimbi moja ubavuni, kwa sababu fundi alikuwa akinyoosha mabati yafike.

Anza kwa kusafisha. Pitisha waya mwembamba kwenye viungo, utoe uchafu, umwagie tena. Isipotosha, fungua skrubu za kiungo, inua bati kidogo, sugua, weka mistari miwili ya gundi ya mabati ikivuka upana wote, rudisha skrubu. Kupaka gundi kwa nje kwenye ukingo tu hakusaidii sana, na kunaweza kufungia maji ndani yakaozesha bati.

Kama namba uliyoandika ni chini ya sentimita 10 kwa mita, fikiria kuongeza mteremko. Si ghali kama watu wanavyoogopa: unafungua mabati, unapandisha papi za juu kwa vipande vya mbao vinavyopungua kuelekea chini, unarudisha. Kwenye paa la urefu wa mita 4, kuinua upande wa juu sentimita 20 kunaongeza sentimita 5 kwa kila mita. Na siku ukinunua mabati mapya, agiza yaliyokatwa kiwandani kwa urefu wote wa paa. Kiungo cha katikati kisipokuwepo, hakivuji.

Dalili: ukingo wa chini unaloa, fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) inaoza

Gata imeziba. Majani ya mwembe yanatosha kabisa. Zibua, mwagia maji, angalia kama yanaelekea kwenye bomba la kushusha au yanasimama katikati. Kama gata ni safi, tazama bati linaishia wapi: linatakiwa litokeze ndani ya gata kama sentimita 5. Likiishia juu ya fishabodi, maji hugeuka chini ya bati na kurudi ndani. Kipande cha bati la kukunja kikisukumwa chini ya ukingo na kushuka ndani ya gata kinamaliza kesi.

Dalili: paa la kuficha, na maji yanaingia yote kwa mkupuo

Mtindo wa kuzungusha ukuta ili paa lisionekane umefika hadi kwenye mabanda ya gari. Ni paa linaloadhibu uzembe haraka. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo banda la mita 6 kwa 4 likipata milimita 50 linapokea lita 1,200, na zote zinapita kwenye tundu moja la ukutani.

Chanzo cha kwanza ni tundu hilo kuziba: mfuko wa plastiki, majani, kiota. Cha pili, tundu ni dogo na liko peke yake. Toboa la pili ukutani, juu kidogo ya sakafu ya mfereji unaokusanya maji nyuma ya ukuta huo, lakini chini ya ukingo wa bati. La kwanza likiziba utaona maji yakirushwa nje na utajua, badala ya kujua yakiwa ndani. Cha tatu ni mfereji wenyewe kutoboka kwenye viungo. Usafishe, upake praima, kisha lami tabaka mbili zenye kitambaa cha nyuzi katikati, zipande pande zote mbili. Lami peke yake bila kitambaa hupasuka kiungo kinapotembea.

Maji ya kina cha sentimita 10 yana uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Ukikuta bwawa, usipande juu yake na usisimame chini yake. Zibua ukiwa nje.

Dalili: matone asubuhi, na mvua haikunyesha

Njombe, Mbeya, Lushoto, Iringa, Limuru: usiku wa baridi, bati linapoa kuliko hewa ya ndani, mvuke unageuka matone ya maji chini yake na kudondoka kuanzia alfajiri. Gari lililoingia limeloa na nguo zilizoanikwa bandani huzidisha. Hakuna tundu la kuziba. Acha nafasi ya hewa juu ya kuta mbili zinazotazamana, uweke wavu wa kuzuia ndege. Ukiziba kila upenyo kwa kudhani ni uvujaji, hali itakuwa mbaya zaidi.

Dalili: kutu na matundu madogo yaliyotawanyika

Pwani chumvi hufanya kazi haraka, hasa kwenye vichwa vya misumari na kingo zilizokatwa kwa gurudumu la mashine, maana cheche huunguza mipako. Tundu dogo kuliko shilingi: brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, kiraka cha lami na kitambaa. Kubwa zaidi: kata kipande cha bati la mawimbi yale yale kinachozidi tundu sentimita 10 kila upande, gundi chini, riveti kuzunguka, na upande wake wa juu uingizwe chini ya bati la juu kama inawezekana. Bonyeza bati kwa kidole gumba sehemu kadhaa. Likibonyea kama karatasi, viraka ni kutupa hela. Badilisha bati hilo zima.

Kama unakinga maji ya kunywa kutoka paa hilo, usipake lami. Tumia riveti, gundi na bati jipya, au utenge mfereji wa banda usiingie kwenye tangi.

Ikiwa juu ni zege

Kwa ufupi: usipake kitu mpaka ujue maji yanasimama wapi. Mwaga ndoo, subiri, zungushia chaki madimbwi. Mengi yanatibika kwa kurudisha mteremko kuelekea tundu la maji, kisha tabaka za kuzuia maji zenye kitambaa juu ya nyufa. Ukiona nondo zimejitokeza chini ya slabu, au zege linamomonyoka, usipake wala usiegeshe.

Acha kazi, mwite mtaalamu

Kenchi imepinda au imepasuka, paa linanesa ukitembea, au ukuta wa banda umeachana na wa nyumba na ufa unazidi: mwite fundi mwenye uzoefu wa miundo, na gari litoke humo kwanza.

Maji yamefika kwenye taa, soketi au waya: acha umeme umezimwa hadi fundi umeme aliyesajiliwa apime. Kukauka kwa nje si kukauka ndani ya bomba la waya.

Paa ni la shuka za kijivu zinazofanana na saruji, nyumba ya miaka mingi: yawezekana ni asbesto. Usitoboe, usikate, usisugue, usifagie, wala usimwagie maji kwa nguvu. Nyuzi zake zikivutwa pumuzi husababisha magonjwa ya mapafu na saratani, na hazirudi nje. Rwanda serikali yenyewe iliendesha kampeni ya kuziondoa nchi nzima. Shuka ikipasuka, watoe watu, usiikusanye kwa mikono, na uulize ofisi ya mazingira ya halmashauri yako nani anaruhusiwa kuigusa.

Na fundi akifika, mpe alama zako za chaki na namba ya mteremko. Mwombe akuonyeshe maji yanaingilia wapi kabla hajafungua kopo, na mkubaliane kwamba malipo ya mwisho ni baada ya jaribio la mpira wa maji, gundi ikiwa imekauka siku nzima.